Reli ya Kijani ya Ghorofa ya Nne

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya mawakala wa nyumba, msimamizi wa mafundi hakunipa brashi ya rangi. Alinipa brashi ya waya na msasa, akanipeleka kwenye geti moja Kileleshwa, mtaa wa matajiri wa Nairobi. "Rangi haishiki juu ya kutu," akasema. "Kwangua mpaka uone chuma. Usipokiona, niite." Nilikwangua siku mbili ndipo akaniruhusu kupaka oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu ya juu. Ndivyo tulivyofundishwa, nyinyi mafundi wa haraka haraka.

Wapangaji wa Kileleshwa wana mawakili, kwa hivyo geti lao hukwanguliwa. Nilipohamishiwa jengo moja Kangemi, mtaa wa watu wa hali ya chini, sikuona brashi ya waya tena. Mwenye jengo aliishi Muthangari, na akija ha­pandi ngazi.

Kwenye ushoroba wa ghorofa ya nne, reli, ule uzio wa chuma wa kuzuia watu kuanguka, ilikuwa imeliwa na kutu. Wapangaji wenyewe walikuwa wamefunga kitambaa chekundu pale, kila mtu ajue hapaegemewi. Nikampigia simu mwenye jengo.

"Mzee, hii reli ya juu imeisha, hata wapangaji wameifunga kitambaa. Inataka kuchomelewa upya."

"Wewe ni fundi wa rangi ama wa welding? Toa hiyo takataka, upake. Kuna watu wanakuja kuona nyumba."

Hasira hunipanda hadi leo, na nusu yake najikasirikia mwenyewe. Nilikifungua kile kitambaa kwa mikono yangu. Nikapaka kijani, nikarudia, reli ikang'aa.

Wiki hiyo hiyo Mama Atieno, mpangaji aliyefulia watu nguo Lavington, aliegemea pale akianika blanketi. Reli ikakatika. Aliangukia paa la mabati la kibanda kilichokuwa chini, ndiyo sababu yu hai. Nyonga ilivunjika, na hafui tena.

Mwenye jengo alileta mchomeleaji wa kipande hicho kimoja tu, kisha akanipigia. "Kuja upake, wapangaji wanaona vibaya." Nikamwambia aje apake mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Vijana huniambia wao hufuata maagizo tu. Mimi pia nilifuata! Nilipokwenda kumwona Mama Atieno, nilijitayarisha kutukanwa. Akanipa chai.

"Sikulaumu, fundi," akasema. "Lakini hapo mimi nilikuwa naogopa. Nikaona umepaka, nikasema, leo wametukumbuka."