Fundo la Konsesa

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mama alinikataza kuvuka ua wa minyaa. Kabla ya siku hiyo sikujua kwamba ile minyaa iliyozunguka migomba yetu kule Mbuba ni mpaka wa kitu chochote. Sisi watoto tuliipita asubuhi kwenda kuchota maji bondeni, tukarudi jua limeshasimama utosini, na hapo katikati hakuna mtu mzima aliyejua tulikuwa wapi. Tulichuma mapera ya watu. Tulikalia magogo ya migomba tukateleza nayo mteremko mzima hadi chini, tukainuka, tukapanda tena. Ukirudi na goti limechubuka unachapwa kwa ajili ya goti na gauni lililochanika. Kutoka kwenyewe hakukuwa kosa.

Kisha wakaja wakimbizi kutoka Rwanda. Siku nyingi mfululizo watu walipita barabarani, wengine na magodoro kichwani, wengine bila kitu. Baba alipanda baiskeli akaenda Benaco, kambini kwao, kujionea, akarudi amechoka, akasema mlima umefunikwa maturubai mpaka majani hayaonekani. Mama alisikia na mengine sokoni: kuhara, mbuzi kuibwa, malori yasiyosimama, na mtoto wa mtu fulani aliyepotea, ingawa mtu fulani huyo hakuna aliyemjua kwa jina. Jioni hiyo alinishika mkono mpaka kwenye minyaa.

"Hapa," alisema. "Ukivuka hapa bila mimi, nitakuchapa mpaka majirani waje kuamua ugomvi."

Mama hakuwa mkali bure. Alikuwa ameshazika watoto wawili kabla yangu, na leo nami nimezaa, siwezi kumcheka. Lakini wakati ule nilimwona mwizi wa siku zangu tu. Nilirudi jikoni nikakataa kula, na hakuna aliyenibembeleza.

Ningevumilia kama tungefungiwa sote. Kilichonitoa roho ni Konsesa.

Konsesa alinizidi mwaka mmoja. Alifika kutoka Rwanda akiwa na watu wasiokuwa wa kwao, akaletwa kwa shangazi yake, Mama Felista, jirani yetu wa upande wa chini. Mama Felista mwenyewe alikimbilia kwetu zamani, mimi sijazaliwa, akaolewa hapo hapo, akafiwa na mume hapo hapo. Alfajiri aliondoka kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, akarudi giza likikaribia. Kwa hiyo Konsesa alikuwa na siku nzima peke yake. Kila asubuhi nilimwona akipita njia ya chini ya minyaa yetu, kamba ya kuni begani, peku, kichwa kimenyolewa. Jioni alirudi na vumbi jekundu mpaka magotini na kuni chache kuliko za mtu aliyeshinda porini. Mwenye wivu haachi kuhesabu kuni za mwenzake.

"Leo umefika wapi?" nilimwuliza siku moja, mimi upande wangu wa minyaa, yeye njiani.

"Benaco."

"Kwa miguu?"

"Kwenda, kwa miguu. Kurudi nimepanda lori."

Yeye alisema Kinyarwanda, mimi Kihangaza, na tulielewana bila shida. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, na yeye shule hakuwa akienda. Hata hilo nilimwonea wivu. Aliniambia kuna soko kubwa kule, kuna kinyozi anayenyoa chini ya turubai, kuna wazungu wenye ndevu zinazotoka jasho. Akafungua ncha ya kitenge chake akanionyesha biskuti za kambini, ngumu, nyeupe, hazina sukari ya kutosha. Nilipewa moja. Nilikula polepole nikimchukia.

Sasa nieleze habari ya fundo. Kwenye kona ya njia, kabla ya kupanda kwa Mama Felista, palikuwa na majani marefu. Kila jioni Konsesa alichuchumaa pale, akashika majani ya upande huu na ya upande ule bila kuyang'oa, akayafunga fundo moja, akanong'ona maneno yake, ndipo akapanda nyumbani. Sote tulilijua jambo hilo. Ukichelewa kurudi, unafunga majani yakiwa bado yameota, na ulimi wa mama yako unafungwa pamoja nayo: hatakuuliza ulikuwa wapi. Mradi fundo liwe zima. Mwenzangu lilimfaa kweli, maana sikuwahi kusikia Mama Felista akimfokea. Mimi, ambaye sikwenda popote, mama aliniuliza maswali kutwa.

Nilimwuliza bibi, mama yake baba, aliyekuwa akishinda jikoni akimenya ndizi.

"Bibi, fundo likifunguliwa inakuwaje?"

"Akilifungua aliyelifunga, si neno."

"Na mwingine je?"

Kisu chake kilisimama. "Mwingine akilifungua, kilichofungwa humo kinamhamia yeye. Wewe usiguse vya watu."

"Kinamhamia siku ngapi?"

"Nani atakuhesabia? Unaweza kuzeeka nacho." Akaendelea kumenya.

Labda ningemsikiliza, kama si mama. Kesho yake jioni Konsesa alipita na kakuni kake, na mama, akiwa ameinama anapepeta maharage, alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akaniambia, "Unamwona mwenzako? Mtoto mdogo vile, anajitafutia kuni mwenyewe. Wewe umekaa tu kama mgonjwa."

Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo damu inanichemka. Yeye ndiye aliyenikalisha! Nilitaka kumjibu, lakini kwetu mtoto hamjibu mama yake. Nilingoja mpaka alipoingia ndani, nikavuka minyaa kwa mara ya kwanza tangu nikatazwe, nikashuka mpaka kwenye kona. Fundo lilikuwa bado bichi. Nililifungua kwa meno, maana alilikaza sana, na nikayanyoosha yale majani moja moja ili yasimame kama hayakuguswa. Nilirudi mbio, nikasubiri kusikia kilio kutoka kwa Mama Felista.

Hakikusikika kilio. Asubuhi Konsesa alipita na kamba yake. Jioni nilifungua tena, asubuhi akapita tena. Ndipo nilipoamua kulisaidia lile fundo. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba ninalisaidia tu.

Siku ya tatu, kabla ya giza, Mama Felista alikuja na kigae kuomba moto. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, bibi amesinzia. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Mama Felista."

"Marahaba, mwanangu. Nitilie makaa, mtoto wangu hajarudi na kuni."

"Hakwenda kutafuta kuni," nilisema. "Konsesa yuko Benaco. Kila siku anaenda Benaco. Anapanda na malori."

Alininyooshea kigae. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imekakamaa kwa jembe. Hakuuliza nimejuaje. Alichukua moto wake akashuka, na kwa siku tatu zilizofuata Konsesa hakuonekana njiani. Mama Felista aliacha vibarua vyake akakaa naye. Niliwaona kwa mbali wakipalilia viazi, shangazi mbele, mtoto nyuma.

Nilifurahi, na sitaficha. Nilicheza peke yangu chini ya migomba nikiimba. Tulikuwa sawa sasa, yeye na mimi, na nilikula vizuri siku hizo tatu.

Siku ya nne Mama Felista alirudi vibaruani, njaa haina subira. Mchana Konsesa alikuja akasimama kwenye minyaa. Miguu yake ilikuwa na vumbi, ameshakwenda na kurudi.

"Ameondoka," alisema.

"Nani?"

Hapo ndipo aliponisimulia, taratibu. Alikuwa na mdogo wake, mtoto anayeanza kutembea, waliyepotezana naye walipokimbia. Mama mmoja wa kilima chao huko Rwanda alimwambia kwamba mtoto yu hai, amebebwa na jirani, na jirani huyo yuko njiani. Kwa hiyo kila siku Konsesa alikwenda mahali watu wapya waliposhushwa, akatazama migongo ya wanawake wote waliobeba watoto, kisha akaenda kutazama picha za watoto waliopotea zilizobandikwa kwenye ubao. Shangazi yake hakutaka kusikia. Alishalia mara moja, akanyoa nywele, akasema waliokufa wamekufa, asirudishwe tena nyuma. Ndiyo maana Konsesa alifunga majani.

"Walifika juzi, jirani na mtoto," alisema. "Walikaa hapo, wakaniulizia kwa jina. Watu wakawaambia mtoto huyo huwa anakuja, mngojeni. Walingoja mpaka jana. Lori likawachukua kupelekwa kambi nyingine. Mmoja anasema huku, mmoja anasema kule."

Hakulia. Ningeona afadhali angelia.

"Kuna mtu alimwambia shangazi," alisema. "Simjui."

Alifungua ncha ya kitenge, akatoa biskuti moja, akaivunja, akanipa kipande kikubwa, na mimi nikakipokea nikakila.

Aliendelea kumtafuta. Shangazi mwenyewe, aliposikia kwamba mtoto yu hai, sasa alimruhusu, na Jumapili walikwenda wote wawili. Baadaye watu walipoanza kurudi kwao, Mama Felista alifunga nyumba yake wakaondoka. Konsesa aliaga kwa mama, akaaga kwa bibi, mimi nilikuwa nimejificha stoo ya maharage. Kama walimpata yule mtoto, sijui. Wala jina lake sikulijua vizuri. Alimwita Bucura tu, na kwao hilo ni jina la kitinda mimba yeyote.

Bibi alisema kweli. Kile alichokuwa nacho Konsesa, kule kutazama migongo na nyuso, kilinihamia. Niliolewa huku Bisibo, wilaya ya Biharamulo, na mpaka miaka ya juzijuzi lori likisimama barabarani nilikuwa nikiwatazama vijana wanaoshuka, nikikadiria umri wao. Padri niliyemweleza alinipa sala za kusali. Nilizisali. Niliendelea kutazama.

Leo nina binti wa miaka minane, Neema, na nyumba yetu ina ukuta na geti la bati. Katika mikutano ya wazazi shuleni mimi ndiye ninayesimama na kusema watoto wasiachwe kuzurura: kuna bodaboda, kuna watu tusiowajua, dunia imeharibika. Wenzangu hunipigia makofi. Na ninawaonea wivu wale wazazi wa bondeni ambao hawaji hata mkutanoni, ambao watoto wao hutoka asubuhi na kurudi jioni, na wao usingizi wanaupata.

Majuzi, siku ya Jumamosi, Neema alitoka getini alikokuwa akichungulia kwenye tundu la bati, akaja mbio mpaka nilipokuwa nafua.

"Mama, Jeni na wenzake wanaenda mtoni kuteleza kwenye matope. Mama yake hajui! Niende nikamsemee?"

Macho yalikuwa yanamng'aa. Hakuwa na hofu kwamba Jeni ataumia, hata kidogo. Niliyajua macho yale, nikaacha nguo ndani ya beseni.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mama yangu aliogopa barabara, malori na wageni, na hakukosea kuviogopa. Lakini mwaka ule, pale kwetu, aliyemuumiza mtoto wa mtu hakutoka barabarani. Alikuwa ndani ya minyaa, salama kabisa, ameoga, amekula, hana la kufanya ila kuhesabu kuni za mwenzake. Simlaumu mama kwa niliyotenda, mikono ilikuwa yangu na ulimi ulikuwa wangu. Ninasema tu kwamba niliona ninalea mtoto wa namna ile ile.

"Usimsemee mtu," nilimwambia. "Vaa ndala zako uende nao."

Alinitazama kama nimelewa. "Mimi?"

"Wewe. Mtoni usiingie kwenye maji yanayopita kiuno. Na msiachane."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka njaa ikuume."

Alitoka bila kufunga geti. Nililifunga, nikalifungua tena, nikafua nguo moja mara mbili. Nilikwenda getini mara nyingi, nikijifanya nafagia. Sauti za watoto zilipopotea bondeni nilivaa kanga niwafuate, nikaivua, nikakaa juu ya ndoo. Sikuwa na amani hata kidogo, na sitamdanganya mzazi mwingine kwamba nilikuwa nayo.

Alirudi jua limeinama, ndala moja mkononi, nyingine hajui iliko, tope mpaka kwenye nyusi. Goti lilikuwa linavuja damu na hakulitaja. Alioga, akakaa mezani, na katikati ya kula akacheka peke yake kwa jambo fulani lililotokea kule, ambako mimi sikuwepo.

"Unacheka nini?" nilimwuliza.

"Hakuna, mama."

Nilimwonea wivu, mtu mzima na akili zangu, wivu ule ule uliokuwa ukinikaba kwenye minyaa. Nikamwongezea maharage, nisimwulize tena.