Kishubaka cha Apo

Kila ninapokutana na harufu ya vijiti vya ubani wa Kichina ngazini, kwanza huangalia viatu vyangu. Niwaeleze kwa nini.

Nilikuwa na miaka saba tulipohamia ghorofa ya tatu, nyuma ya mtaa wa Dengfeng, hapa Guangzhou. Baba, mfanyabiashara wa Unguja, alikuwa amezunguka mpaka Sanyuanli akitafuta nyumba, na kila mlango jibu lilikuwa moja: "Meiyou," hakuna. Bibi mmoja tu ndiye aliyetukubalia, mwenye nyumba, akiishi peke yake ghorofa ya chini. Tulimwita Apo, yaani bibi kwa lugha yao, kama majirani wote.

Nje ya mlango wetu, chini kabisa ukutani, palikuwa na kishubaka chekundu. Mama alikifurahia mno. Kwetu huingii ndani na viatu, maana sakafuni ndipo tunaposwali, na hapa fundi ametujengea mahali pa kuviweka! Makubazi ya baba yalienea, na viatu vyangu vya shule juu yake.

"Hawa watu wana akili," alisema mama.

Asubuhi ya pili Apo alipanda na vijiti vyake vinafuka moshi. Nikasikia yowe: "Aiya!" Nilipotoka, alikuwa ameshika kifua, vijiti vimemwanguka, macho yamemtoka akiyatazama makubazi. Niliganda. Baba akaja, akamsikiliza, akabadilika uso.

"Mama Salma, hapo ndipo wanapomwabudia mungu wao wa mlangoni. Leo tunafukuzwa."

"Yarabi toba!" Mama akaziba mdomo.

Kisha akafanya jambo lililonishtua kuliko lile yowe. Alileta ndoo, akapiga magoti mbele ya kishubaka, akaanza kukisugua. Mama yangu, asiyekosa hata sunna! Nikaangua kilio.

"Mama, unamsujudia?"

"Simsujudii mie. Uchafu wa viatu vyetu huu, mwanangu. Nani mwengine ausafishe?"

Apo alimtazama mpaka alipomaliza. Akaokota vijiti, akaviwasha upya. Hatukufukuzwa. Lakini yowe lile nililibeba miaka yote. Niliamini ametupigia yowe sisi, kwa rangi yetu na ugeni wetu, na machungwa aliyokuwa akiniletea niliyala kwa kinyongo. Niliyala yote, lakini kwa kinyongo.

Apo ameshakufa. Mwezi uliopita nilipanda ngazi zile za nyumba yetu ya zamani kumwona mteja. Ndani ya kishubaka palikuwa na raba mbili zenye matope.

"Aiya!"

Sauti ilinitoka kabla sijajijua, mkono uko kifuani kama wa Apo siku ile. Mungu wa Apo simwamini, wala sikupata kumwamini. Nilichokiona ni mama, amepiga magoti pale na ndoo yake, na mtu amepatupia viatu. Nilikaa ngazini, nikamlilia Apo kwa mara ya kwanza. Zile raba sikuuliza hata ni za nani.