Kipande cha Amana cha Bi Sakina

Siku yangu ya kwanza kazini nilichekwa. Msimamizi wa Maji, mtu mnene aliyeongoza ghala la kampuni yetu ya kutunza mapipa ya samaki na matumbawe majumbani mwa watu, kule Scarborough, Toronto, aliniuliza kama nimewahi kushughulika na matumbawe. Nikamjibu kwa fahari kwamba kwetu Tanga marehemu baba yangu alikuwa akiyachoma. Aliyapanga juu ya magogo, akawasha tanuu, na yakishaiva yakawa chokaa ya kupigia nyumba lipu. Mimi nilidhani nataja uzoefu. Ghala zima liliangua kicheko, nikabatizwa jina la Mchoma Matumbawe, na jina hilo sikulivua mpaka nastaafu.

Nyinyi vijana mnaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na taa na programu za simu. Sisi tulianza na ndoo. Maji ya bomba ya Toronto hayafai, kwa hiyo tuliyachuja mpaka yakabaki maji matupu, kisha tukayatia chumvi maalumu, tukayapasha moto na kuyakoroga mpaka siku ya pili. "Ukiharakisha maji, umeua," alisema Msimamizi wa Maji, na alisema hivyo kila asubuhi kana kwamba hatujasikia jana.

Matumbawe magumu, yale yenye matawi, hayataki kubembelezwa. Yanataka mwanga mkali, maji yasiyotulia hata kidogo, na chokaa. Ndiyo, chokaa. Tumbawe hujijengea mifupa kwa chokaa linayoinyonya majini, na kwenye pipa la kioo sebuleni mwa mtu chokaa hiyo huisha upesi, lazima uirudishe. Tulikoroga unga wa chokaa, tukauacha utuame, halafu yale maji meupe ya juu tukayadondosha tone moja moja. Ukiyamimina kwa pupa, unachoma kila kilicho hai. Baba aligeuza matumbawe kuwa chokaa, mimi nikala mkate kwa kugeuza chokaa kuwa matumbawe. Waliocheka ghalani hawakuliona hilo.

Kutoka ghalani nilihamishiwa Unionville, kwenye nyumba za wenye nazo, chini ya Msimamizi wa Safari, aliyejali zaidi usafi wa gari kuliko afya ya samaki. Huko nilijifunza kutambua ugonjwa kwa macho. Tumbawe likianza kupauka kutoka chini, maji yameyumba. Likipauka kutoka juu, taa zimezidi. Tena nilijifunza kunyamaza mteja anaponieleza alichosoma mtandaoni.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Thornhill, na huko ndiko kwa Bi Sakina.

Bi Sakina alikuwa mjane, mzaliwa wa Tanga kama mimi, Khoja wa watu, mpole lakini mkali kwenye mambo yake. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa Kiingereza. Akanitazama. "We Salehe, jina lako nimeliona kwenye fulana. Mimi nimezaliwa Ngamiani. Niamkie vizuri." Nikamwamkia shikamoo, akacheka, akaniletea chai ya maziwa.

Pipa lake lilikuwa na tumbawe moja tu la maana. Lilikuja likiwa na ukubwa wa ukucha, tukalilea pamoja mpaka likawa kichaka cha rangi ya zambarau chenye ncha za kijani, kipana kuliko sinia. Alilijua kuliko nilivyolijua mimi. Akinipigia simu kusema, "Salehe mwanangu, leo limenuna," nilikuwa nawasha gari. Udi ndio uliotuhangaisha. Nyumba ile haikukosa majilisi, vikao vya dua vinavyofukizwa udi, na mashine ya povu inayosafisha maji huvuta hewa ya chumbani. Moshi wa udi uliingia majini, tumbawe likajikunja. Hakukubali kuacha udi wala kuliacha tumbawe, basi nikatoboa fremu ya dirisha, nikapitisha mpira ili mashine ivute hewa ya nje.

Katika kazi hii kuna desturi msiyoandikiwa popote. Tumbawe lako likinawiri, unakata kipande, unampa mwenzako alee. Hiyo ni amana. La kwako likifa, unamwendea, naye anakukatia. Hakunyimi wala hakuuzii. Kampuni yetu ilikuwa imetukataza kugawa vipande nje, kwa hiyo Bi Sakina alimpa Meneja mwenyewe. Meneja alikuwa kijana wa Nairobi aliyekuja huku kusoma, akainunua kampuni pamoja na duka lake baada ya mmiliki wa kwanza kuondoka. Nilikata kipande kwa koleo, nikakigandisha juu ya kigae kwa gundi. Bi Sakina akakitia mkononi mwa Meneja.

"Hii ni amana, baba."

"Sawa Mama, usijali. Ni amana," alisema Meneja, na mkono wa yule mama akaushika kwa mikono miwili.

Kile kipande alikikata na kukikata tena. Akakipa jina la Kiingereza lenye mambo ya moto na malaika, likabandikwa dukani, na wateja wakawa wanatoka mbali kukinunua. Niliona, nikanyamaza, maana nilijiambia kwamba angalau kiko.

Kisha Bi Sakina akalazwa, moyo. Ndugu na majirani wakajaa nyumbani kwake kumsomea dua apone. Pampu za lile pipa zina mvumo, na Abbas, mwanawe, aliona zinaifunika sauti ya msomaji. Akazizima. Nia yake ilikuwa njema, sina la kumlaumu. Dua ikaisha, watu wakala, wakaondoka, na hakuna aliyekumbuka kuziwasha. Nilipofika kwa zamu yangu nilikuta nyama ya tumbawe imenyofoka yote, imebaki mifupa mieupe. Ilikuwa kama ile aliyokuwa akiipanga baba kabla ya kuwasha moto. Abbas alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku, kwamba hakujua. Halafu akasema kwa Kiswahili, tena vizuri kabisa, "Mama anarudi Ijumaa."

Nilikwenda moja kwa moja dukani. Vipande vilikuwa safu nzima, vinametameta chini ya taa ya buluu.

"Nimekuja kuchukua amana ya Bi Sakina," nilimwambia Meneja. "Kipande kimoja, hata cha ukucha."

"Pole sana, Mzee. Lakini hizo zote ni za order. Nikikupa moja leo, kesho kila customer atakuja na story yake."

"Yeye si kastama. Yeye ndiye mwenye tumbawe."

"Mzee, si unaelewa? Hii ni biashara." Akateremsha sauti, akajifanya ananionea huruma. "Chukua ile ya zambarau pale, zinafanana. Na macho ya Mama vile yako, atajuaje?"

Sikuchukua. Nilirudi garini, nikaondoka. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa binadamu.

Ijumaa Bi Sakina aliingia akishikiliwa na Abbas, na hata hakukaa kwanza. Alikwenda kwenye kioo. "Salehe, liko wapi?"

Nikamweleza. Akauliza juu ya amana. Nikatikisa kichwa, naye akaelewa.

"Alinishika mkono huu," alisema, akauinua. Akakaa. "Maji usiyaache, mwanangu. Yaweke vizuri. Pengine atakumbuka."

Basi niliyaweka vizuri maji yasiyo na kitu. Kila nilipokwenda alikuwa kwenye kiti kile kile, akitazama jiwe tupu, wala hakumtaja tena Meneja. Alifariki theluji haijayeyuka.

Siku nilipoagwa kazini kulikuwa na keki, na Meneja alitoa hotuba kunisifu. Kisha akanikabidhi zawadi: mfuko wa maji, ndani yake kipande cha zambarau chenye ncha za kijani, na ile lebo yake. Watu walipiga makofi. Nilikipokea kwa sababu tumbawe halikumkosea mtu. Lebo niliitupa kwenye lifti. Abbas alinipa pipa la mama yake, na sasa linasimama sebuleni kwangu, orofa ya juu, Barabara ya Dixon. Mke wangu analalamikia umeme, kisha namkuta amevuta kiti mbele yake.

Majira ya baridi haya Meneja alinipigia. Jenereta ya duka ilikufa umeme ulipokatika, akapoteza safu yote. Alisema, "Mzee, si unajua ile desturi yenu?"

Nilimwambia aje mwenyewe. Alikuja, akavua viatu mlangoni, akasimama pale ambapo angesimama Bi Sakina. Nikakata kipande, nikakigandisha, nikakifungia mfukoni na maji ya kutosha, maana amana hainyimwi. Akaniuliza anilipe nini. Nikamwambia, "Kwa Mama ulipajua. Kaburini kwake hujafika."

Akainamisha kichwa, akavaa viatu, akaondoka na mfuko wake. Msamaha hakuuomba, nami huo sikumfungia mfukoni.