Mguu wa Mama

Mguu wa kushoto wa mama ulianza kuvimba baada ya matibabu ya saratani ya mlango wa uzazi. Huku kwetu mtaani Huruma kila mtu akawa daktari: ni matende, ni chumvi, kuna mtu kamwekea kitu. Kliniki walitueleza kwamba tezi za kinenani, zinazosaidia kupitisha majimaji ya mwili, zilikuwa zimeharibiwa na matibabu. Majimaji yamekosa njia, yanatuama mguuni. Uvimbe huo hauponi kabisa, lakini unatunzwa: ngozi ioshwe na kupakwa mafuta, mguu ukandwe kwa wepesi, ufungwe bendeji kila siku.

Nikasema hiyo kazi ni yangu. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Siku ya kwanza nilimkanda kwa nguvu zangu zote.

"Wewe, huo ni mguu, si unga wa chapati!" Mama akauvuta. "Niitie jirani."

Jirani alikuwa mama mmoja Mwislamu wa mlango wa pili, ambaye mkono wake wa kushoto ulivimba baada ya kukatwa titi. Alikuja, akaketi sakafuni, akasogeza ngozi tu, taratibu, kuelekea juu. Kisha akafunga bendeji, imara kwenye wayo, akilegeza kidogo kidogo kadiri alivyopanda. Alipomaliza akamnyooshea mama mkono wake, mama naye akamfunga, kwa kuwa kujifunga mkono peke yako ni taabu.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Walifungana huku wakisengenya wapangaji wa ploti nzima, wakicheka mpaka chai inapoa. Mimi nipo jikoni nafua bendeji za jana, roho inaniuma. Niliona wivu, tena wa kijinga, maana niliwaonea wivu hadi kwa ugonjwa wenyewe. Miguu yangu myembamba ilikuwa na faida gani? Nilikuwa nikipita pale nikijifanya natafuta ufagio, nikiiba kwa macho kila mzunguko wa bendeji.

Juzi mama alidamka kwenda maombi kabla ya kufungwa, akachelewa kurudi. Jirani akaja na bendeji zake, akangoja, akachoka.

"Mwanangu, si unifunge wewe?"

Nikamfunga. Akakunja vidole, akakunjua, akasema haibani wala haitelezi. Nilifurahi kwa ubaya: nilikuwa nimempokonya mama zamu yake.

Mama akaingia, akautazama ule mkono.

"Nani amekufunga?"

"Si ni huyu mtoto wako! Ana mkono mwepesi, dadangu."

Mama hakucheka. Alivua viatu kwa kishindo, kauvuta mdomo, na huo mdomo niliujua vizuri, ni kama wangu nikiona wivu.

"Kumbe watu wa nje wanafungwa, na mimi niliyemzaa nimekaa tu hivi?"

Akaketi, akanibwagia mguu mapajani. Jirani akasogea kusaidia. Nikamwambia anywe chai yake.