Sura ya Kuzibua Visu

Meneja wa shamba aliponiagiza niandike kijitabu cha Kiswahili cha kuwafundisha madereva wa kombaini, nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuogopa. Nilikuwa fundi wa karakana, mtu wa Mbulu niliyeteremka Hanang kufuata kazi ya ngano, na uoga nilizaliwa nao.

Niliorodhesha mambo ya kuandika: oili, mikanda, chujio, namna ya kupaki. Moja nikawa nalikwepa, kama unavyokwepa jino bovu wakati wa kutafuna. Ni kuzibua visu vya kombaini vilivyosongwa na magugu. Kitabu cha kiwandani kilisema zima injini kwanza. Sisi hatukuzima, maana betri zilikuwa zimekufa. Ukizima, utamsubiri wa kukuvuta kwa trekta hadi jioni. Basi mmoja alikaa juu akikanyaga klachi ili visu visimame, mwenzake akaingiza mkono.

Siku ya ajali, miaka kadhaa nyuma, aliyekanyaga klachi nilikuwa mimi. Niliona gari la meneja linakuja na vumbi lake, nikashtuka, mguu ukaachia, visu vikazunguka mkono wa mwenzangu ukiwa ndani. Kwenye taarifa niliandika kwamba mwenzangu aliteleza. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha mguu. Nikiiandika sura ile wataniuliza nimeyajuaje, na kazi imekwisha. Nisipoiandika, shemeji yangu aliyeajiriwa udereva msimu ule atafundishwa na wenzake vilevile nilivyofundishwa mimi.

Wiki nzima sikula vizuri. Jumapili baada ya ibada nikaenda kijijini Mogitu kwa yule mwenzangu, aliyenizidi sana umri. Nilimkuta anapalilia mahindi, mpini wa jembe ameubana kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akaninyooshea kigutu, kama mtu mwenye mikono ya udongo anavyokupa kifundo cha mkono ushike. Nikakishika. Nikamweleza habari za kijitabu kwa kuzungukazunguka. Mguu wangu sikuthubutu kuutaja.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Andika," akasema. "Hao madereva wapya watakatwa. Ila usiandike tena kwamba niliteleza."

Kumbe miaka yote alijua. Nilirudi karakana nikaiweka sura ile mbele, kabla ya oili. Nikachana karatasi mbili. Ya tatu ilianza hivi: zima injini, kwa sababu mimi niliachia klachi.