Siendi kwa Mtu Yeyote

Nilipotimiza miaka hamsini na miwili nilinunua baiskeli, nikawa naiendesha kila Jumatatu, siku ambayo saluni yetu pale Warwick, katikati ya jiji, hufungwa. Binti yangu alikasirika.

"Mama, watu watadhani tumekosa hata nauli ya basi."

"Waache wadhani," nikamjibu.

Jumatatu moja nilipanda mlima hadi Westville, mtaa wa matajiri, jasho likinitiririka, nikasimama kivulini kunywa maji. Mlinzi wa geti la nyumba moja akanijia. Aliposikia lafudhi yangu akaacha Kiingereza, akanisemesha Kiswahili. Kumbe naye alikuwa Mkongo, mgeni katika nchi hii kama mimi.

"Mama, unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu."

"Sasa unaenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu yeyote. Natembea tu."

Akacheka. "Kwetu baiskeli ni ya kubeba mkaa, mama. Tena ni kazi ya wanaume."

"Najua," nikasema. "Baba yangu alipougua, mimi ndiye niliyesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa mpaka sokoni, miaka sita. Sikuwahi kuikalia hata siku moja."

Aliacha kucheka. Akaniambia pole, kisha akanionyesha njia isiyo na malori.

Niliifuata taratibu mpaka nyumba zikaisha na mashamba ya miwa yakaanza. Huko mwenye pikapu alisimama, akataka kunipa lifti. Nilimshukuru, nikakataa. Mbele yangu kulikuwa na mteremko mrefu. Nikaachia breki, nikapiga kelele kwa furaha, wala sikujali nani ananisikia.