'Izimeni kwanza': hasira za fundi wa rada za meli

Asubuhi hii fundi amesimama katika chumba cha rada cha meli ya abiria, mkono mmoja kwenye swichi, macho kwenye kioo cha mashine ya kupimia mawimbi ya redio ambayo mafundi huiita analaiza. Mipigo ya rada imejipanga wima kiooni kama meno ya kitana. Mwingine angeridhika, akafunga vifaa vyake. Yeye anaizima rada.

Mipigo inatoweka. Anashusha pumzi.

"Ingebaki, ningejua tunajipima wenyewe," anasema, na usoni hana utani hata chembe.

Karakanani wanamwita Zima Kwanza. Jina alipewa kwa kejeli, wala halimnyimi usingizi. Kinachomchemsha damu ni yaliyotokea msimu uliopita wa ukungu.

Analaiza yao ina kazi mbili: hupima mawimbi, na hutengeneza mipigo ya majaribio ya kujaribia kipokezi cha rada. Siku ile msimamizi wa karakana alijaribu kipokezi, akakikuta hakina neno. Akaenda kula, mipigo ya majaribio akaiacha inaendelea. Aliporudi kupima kile ambacho rada yenyewe inarusha, akaona mipigo safi, akairuhusu meli iondoke.

Alikuwa anatazama mipigo ya mashine yake mwenyewe. Rada ilikuwa hairushi chochote.

Kwenye ukungu, kioo cha rada cha nahodha hakikuonyesha kitu, naye akaamini mbele ni kweupe. Meli ikagonga tishari lililokuwa limebeba mchanga. Miongoni mwa walioumia ni mdogo wake fundi, mhudumu wa meli, ambaye goti lake la kushoto halikunjiki tena.

"Kosa lile hata mimi ningeweza kulifanya," anasema fundi. "Hasira yangu si hapo. Wakubwa walisema analaiza ni mbovu. Uongo mtupu! Haikuwa mbovu, sisi ndio tulikuwa na haraka."

Uongozi ulinunua analaiza mpya, mjadala ukafungwa. Msimamizi yupo pale pale. Juzi alimwita fundi ofisini, akamwambia aache kuchelewesha meli kwa kuzima rada zisizo na tatizo, la sivyo atahamishiwa stoo.

Leo amezima tena. Mdogo wake, ambaye amerudi kazini kwenye meli hii hii, anapita akichechemea na trei ya vikombe.

"Dada, abiria wananiuliza nani anawachelewesha."

"Waambie ni mimi."

Simu inaita. Ni msimamizi. Fundi anamjibu kwa adabu kwamba bado anapima, na simu inakatwa upande wa pili. Anaiwasha rada upya, anaipima tena, ndipo anampa nahodha ruhusa.

Je, wakimpeleka stoo kweli?

"Nitakwenda," anasema, akikunja waya. "Si ndiko analaiza zinakotunzwa? Basi haitoki hata moja mpaka anayeichukua anionyeshe anavyozima."